Koti la Bwana Lugendo

Nchi yangu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Ni kwamba kwa mujibu wa sheria, jina la nchi yetu hutajwa na mwanamume aliyesimama wima, amevaa koti, mkono wa kulia uko kifuani. Mimi naandika nimekaa, na koti langu liko ofisini.

Hilo la koti langu kuwa ofisini huku mimi niko nyumbani lisikushangaze. Kwetu ndivyo kazi inavyofanywa. Mtumishi hufika saa moja na nusu asubuhi, hutundika koti kwenye mgongo wa kiti, kisha hutoka kushughulikia maisha yake. Mkubwa akipita akauliza, "Fulani yupo?" wenzake hujibu, "Yupo, ametoka kidogo." Mkubwa huangalia kiti, huliona koti, hutikisa kichwa kwa kuridhika na kuondoka, maana naye koti lake liko mahali linamsubiri. Tuna watu waliostaafu kwa sherehe kubwa, keki na hotuba, ambao viti vyao viliwajua kwa kusikia tu.

Serikali yetu ina wizara nyingi, lakini iliyo juu ya zote ni Wizara ya Wanaume na Shughuli Nyinginezo. Wanawake wanahudumiwa na Kitengo cha Shughuli Nyinginezo, pamoja na nyuki, mahema ya serikali na taa za barabarani. Wizara hii ndiyo iliyotunga Sheria ya Kichwa cha Nyumba, inayosema kwamba kiti chenye mgongo ni cha mwanamume na mkeka ni wa mwanamke, baada ya wataalamu kupima migongo na kukuta wa mwanamke hauhitaji kuegemezwa. Ndiyo pia iliyoamua kwamba mashine yoyote yenye mngurumo ishikwe na mwanamume, kwa kuwa mngurumo ni jambo la kiume. Cherehani iliachwa kwa wanawake baada ya mjadala wa siku nne, na hadi leo wapo wazee wanaoona tulilegea.

Mimi naitwa Mfaume. Ni karani wa mahudhurio katika mji mdogo wa Lubamba. Kazi yangu ni kuandika nani alikuwepo. Sijaulizwa hata siku moja kuandika nani alifanya nini, na wala sikujaliwa tabia ya kujipa kazi.

*

Lubamba ina kilima kimoja, kisima kimoja na pampu moja. Pampu huvuta maji hadi kwenye tanki, na tanki huyashusha kwenye mabomba ya mji. Kabla ya pampu tulikuwa tunakunywa maji ya bwawa pamoja na ng'ombe, na mwaka ule wa kuhara karibu kila mtaa ulichimba kaburi dogo. Ufunguo wa pampu ulikuwa kwa Bwana Lugendo, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba iliyo jirani na kisima. Mkewe, Mama Kabula, alikuwa akimpa spana. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa pia akimwambia aifunge wapi.

Siku moja tulikuwa kwenye kikao cha Kamati ya Maji. Bwana Lugendo, mwenyekiti wetu, alitundika koti lake la kijivu kwenye mgongo wa kiti, akasema, "Jamani, natoka kidogo. Nakwenda kutafuta mkanda wa pampu. Ule uliopo umekwisha." Akaondoka. Kikao kiliendelea hadi kikaisha. Mimi huandika mahudhurio mwishoni, ili nisimwandike mtu aliyekuja kuonyesha uso na kukimbia. Nikazungusha macho. Kwenye kiti cha Bwana Lugendo nikaona koti. Nikaandika: Yupo.

Hilo ndilo kosa langu, kama ni kosa. Hata wewe ungeandika.

Bwana Lugendo hakurudi siku ile wala wiki ile. Pampu ilisimama asubuhi moja tu. Kufika adhuhuri Mama Kabula alikuwa ameshakata mpira wa gurudumu la lori bovu, ameushona, ameupasha moto, na mabomba yakaanza kukohoa maji. Kikao kilichofuata, koti lilikuwa palepale, maana hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kumwondoa mwenyekiti kwenye kiti chake. Nikaandika: Yupo. Na kilichofuata. Na kilichofuata.

*

Mwezi wa tano tangu koti libaki peke yake, Bwana Kapela, mdogo wake Lugendo, alisimama kikaoni. Kapela ni mtu ambaye aliwahi kumwaga ndoo ya maji kwenye tangi la dizeli la kinu cha watu, akisema analisafisha. Lakini ni mwanamume, na hilo hakuna aliyelipinga.

"Kaka yangu ametoroka," alisema. "Kwa sheria, ufunguo unakuja kwa mwanamume wa karibu. Mwanamume wa karibu ni mimi. Shemeji, lete ufunguo."

Mama Kabula alikuwa mkekani, karibu na mguu wa kiti. Nilimwona akiushika ule ufunguo, ambao mumewe hakuondoka nao, kupitia kitambaa cha khanga, pale alipoufunga pembeni. Nilijua anachofikiri, kwa sababu mji mzima ulikuwa unafikiri hivyohivyo: mikono ya Kapela, tangi la dizeli, ndoo. Mtoto wa kwanza wa Mama Kabula, kabla ya Kabula, alikuwa ndani ya moja ya yale makaburi madogo.

"Shemeji," alisema polepole, "kaka yako ametoka kidogo. Koti lake si lile?"

Watu wote wakaliangalia koti. Kisha wakaniangalia mimi. Nikafungua daftari na kusoma kwa sauti: Yupo, yupo, yupo, kurasa mbili nzima. Daftari la serikali halisemi uongo. Na likisema uongo, atakayeulizwa ni aliyelishika.

"Yupo," nikasema.

Kapela akaketi. Lakini aliketi kama mtu aliyeahirisha, na tangu siku ile Mama Kabula hakuingia kikaoni bila kwanza kutazama kama koti bado liko kitini.

*

Sasa hapa ndipo patamu. Mwenyekiti wetu mpya, yaani koti, alikuwa na tabia nzuri kuliko mwenyekiti yeyote tuliyewahi kuwa naye. Hakukata watu kauli. Hakusimulia alivyokuwa jeshini. Suala gumu likija, Mama Kabula aliinuka kwenye mkeka, akainama karibu na kola, akasikiliza, kisha akasema, "Baba Kabula anaona bomba la Mtaa wa Chini lifukiwe zaidi, litapasuliwa na magari." Wanaume walitikisa vichwa. "Lugendo siku hizi ana busara," walisema. Wakati alipokuwa na mwili hawakuwahi kumsema hivyo.

Basi waume wengine wakaona kumbe inawezekana. Mmoja alikuwa na mchezo wa bao, mwingine alikuwa na usingizi, wa tatu alikuwa na mambo yasiyosemeka. Wakaanza kuwatuma wake zao na makoti. Mwaka wa tatu Kamati ya Maji ya Lubamba ilikuwa na wajumbe kumi na watano, na katika hao kumi na moja walikuwa makoti. Kila koti lilikuwa na mwanamke mkekani karibu yake, wa kulitafsiria. Vikao vilivyokuwa vinachukua kutwa nzima vikawa vinaisha kabla uji haujapoa. Mimi mwenyewe nilijaribu kupeleka koti langu nyumbani mapema huku nikibaki mjini. Mke wangu, Mama Hidaya, alisema hakuona tofauti, ila tu kwamba koti halikulalamikia mboga.

Nilikuwa napeleka ripoti wizarani kila robo mwaka kama ninavyotakiwa. Mahudhurio: asilimia mia. Ugomvi: hakuna. Maji: yapo. Nilidhani hakuna anayezisoma, kwa sababu ripoti za nyuma nilizowahi kuandika hakuna aliyezisoma.

Mwaka wa tisa barua ikaja, ina mhuri mwekundu. Wizara ilikuwa imepekua madaftari ya nchi nzima na kugundua kwamba Bwana Lugendo wa Lubamba alikuwa amehudhuria vikao mia mbili na sita mfululizo, hajachelewa, hajasinzia, hajainua sauti, na maji katika mji wake hayajakatika. Barua ilimwita kielelezo cha uanaume tulivu. Alikuwa ameteuliwa kuwa Mwanamume Bora wa Mwaka, na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Gwimile, angekuja kumbandika nishani kifuani.

*

Mama Kabula alikuja ofisini kwangu. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana cha kufanya mikononi.

"Karani," alisema, "wakija wakaona hakuna mtu, ufunguo unakwenda kwa nani?"

"Kwa Bwana Kapela."

"Atauwasha mtambo kwa wiki ngapi kabla haujaungua?"

"Wiki ni nyingi," nikasema.

Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa zaidi, maana yeye angepoteza pampu lakini mimi ningeulizwa kuhusu vikao mia mbili na sita. Nilimwambia labda tuandike kwamba Bwana Lugendo amefariki ghafla kwa furaha ya uteuzi. Akatikisa kichwa. Lugendo akiwa marehemu, ufunguo ungekwenda kwa Kapela vilevile.

"Nishani inabandikwa wapi?" aliniuliza.

"Kifuani."

"Kwenye ngozi?"

Nikafikiri. "Kwenye koti."

"Basi," akasema, akasimama, na kurudi kilimani kuwahi zamu ya jioni ya tanki.

*

Mheshimiwa Gwimile aliwasili na magari manane, la kwanza likiwa limembeba yeye na la pili limebeba koti lake la akiba. Alifuatana na Kamishna wa Uanaume, bwana mwembamba mwenye mkoba wa kanuni. Hema lilipigwa uwanjani. Wanaume waliamriwa kuja na miili yao siku ile, wakaja wanakodoa macho kama wageni, wengine wakiuliza kiti chao ni kipi.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "mwanamume ni nguzo. Nguzo haipigi kelele. Nguzo haiulizi maswali. Nguzo haiendi huku na huku. Nguzo inakaa mahali pake, na nyumba inasimama. Nimesoma mahudhurio ya Bwana Lugendo nikajiambia, Gwimile, hii ndiyo nguzo niliyokuwa naitafuta. Kule nyuma yake, bila shaka, yuko mke wake, ambaye kazi yake ni kumtia moyo na kumpikia. Mama, hongera kwa kumpikia."

Mama Kabula alisema ahsante. Mikono yake ilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko.

"Sasa, Bwana Lugendo yuko wapi?"

Mji mzima, watu wazima na watoto, wakajibu kwa sauti moja kama darasani: "Yupo. Ametoka kidogo."

Mheshimiwa akaangalia kiti, akaliona koti la kijivu limetundikwa vizuri, limepigwa pasi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa mtu wa serikali tangu ujana wake, na jambo lile halikumpa shida hata kidogo. Akachukua nishani, akaifungua pini, akainama.

"Samahani," sauti ilisema kutoka nyuma. "Samahani, nipisheni. Nimeuleta mkanda."

Alikuwa Lugendo. Alikuwa amenenepa, tumbo limetangulia mbele, na begani ameuning'iniza mkanda mpya wa pampu, bado una karatasi ya dukani. Alikuwa amesikia redioni kwamba yeye ni Mwanamume Bora wa Mwaka, akaona aje mara moja.

Mama Kabula alimtazama kuanzia viatu hadi utosini, bila haraka.

"Foleni ilikuwa ndefu, Baba Kabula?" aliuliza.

"Ilikuwa ndefu," Lugendo akajibu.

*

Kapela aliruka kwenye kiti kabla vicheko havijaisha. "Mheshimiwa, nisikilize. Kama huyu ni kaka yangu, basi hakuwepo miaka tisa, na ufunguo ni wangu. Kama huyu si kaka yangu, basi kaka yangu ni lile koti, na koti haliwezi kushika ufunguo, na ufunguo ni wangu." Nakiri kwamba sijawahi kusikia hoja iliyonyooka hivyo kutoka kwa mtu aliyewahi kuosha tangi la dizeli kwa ndoo.

Mheshimiwa akaniita. Nikafungua daftari. "Kwa mujibu wa kumbukumbu," nikasema, "Bwana Lugendo yupo hapa tangu miaka tisa iliyopita. Asingeweza kuwa anafika sasa."

"Lakini mimi ndiye," alisema Lugendo.

"Una ushahidi gani?" aliuliza Kamishna.

Lugendo aliinua mkanda. Kamishna akasema mkanda si kitambulisho, akafungua mkoba wake, akasoma: "Kanuni ya arobaini na moja. Pakitokea ubishi kati ya mtu na koti, koti ndilo litakaloaminiwa. Mwenye koti atajulikana kwa koti kumkaa."

Wakamvalisha. Mkono wa kwanza ulifika kwenye kiwiko ukagoma. Mabega ya koti yalikuwa yamepunguzwa, mikono imekatwa, kiuno kimebanwa kwa uzi mweusi. Akajaribu Kapela, naye koti likamfikia mbavuni. Kamishna, mtu wa kazi, akaamuru kila mwanamume wa Lubamba apite ajaribu. Walipanga foleni kuanzia uwanjani hadi kwenye duka la mkaa. Nusu ya siku ikaisha. Mafundi, wachinjaji, mwalimu mkuu, mimi mwenyewe: hakuna aliyeweza kulifunga hata kifungo kimoja. Jua lilikuwa kali, na mji ulianza kuuliza habari ya maji.

Ni mke wangu, Mama Hidaya, aliyechoka kuliko wote. Alisema kutoka mkekani, kwa sauti yake ya jikoni: "Mama Kabula, si ulivae tu ukawashe. Tanki limekauka."

Mama Kabula alisita. Kisha akalivaa. Alifunga vifungo bila kuviangalia, kama mtu anayefunga mlango wa nyumbani kwake, na mkono wake ukaingia wenyewe kwenye mfuko wa ndani na kutoka na spana. Alikuwa amelipunguza mwenyewe, mwaka wa kwanza, kwa ajili ya baridi ya alfajiri kilimani, na alilirudisha kitini kabla ya kila kikao.

*

Mheshimiwa na Kamishna waliteta kwa muda mrefu. Walipomaliza, Mheshimiwa alisimama na kuweka mkono kifuani.

"Serikali haijakosea," alitangaza. "Koti ni la Bwana Lugendo. Koti limemkaa huyu. Kwa hiyo huyu ndiye Bwana Lugendo. Kuanzia saa hii, mama huyu ni mwanamume, atapewa cheti, kiti na nishani yake, na ufunguo utabaki kwake. Sheria imeshinda."

Watu wakapiga makofi. Nilipiga na mimi, kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu daftari langu lilikuwa limepona.

"Na mimi?" aliuliza Lugendo.

Kamishna akapitia kumbukumbu za kaya. Nyumba ile ilikuwa na nafasi mbili, ya mume na ya mke. Ya mume ilikuwa imejazwa. "Wewe ni mke wa Lugendo," akasema. "Kaa mkekani. Na chai ichemshwe, wageni wamekaa muda mrefu." Lugendo akatazama huku na huku, akauliza majani ya chai hukaa wapi. Mji ulicheka hadi Kapela akacheka, na Kapela hakuwa na sababu.

Nilidhani Mama Kabula atacheka pia. Yeye alinijia mezani.

"Karani, kwenye daftari litaandikwa nini?"

"Lugendo."

"Na ile miaka tisa?"

"Ni ya Lugendo."

"Bomba la Mtaa wa Chini? Mkanda wa mpira? Usiku ule tanki lilipopasuka?"

"Vyote ni vya Lugendo," nikamwambia kwa furaha. "Na wewe ndiye yeye."

Mheshimiwa alisikia, akatabasamu kwa upole wa kiserikali. "Mama, umepandishwa cheo. Umekuwa mwanamume. Unataka nini zaidi?"

Mama Kabula alifungua vifungo kimoja kimoja, akalivua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti. Spana akairudisha kwenye mfuko wa ndani. Ufunguo akaufungua kwenye pembe ya khanga, akautia kwenye mfuko wa nje. Nishani aliibandika mwenyewe, na ilikaa sawasawa.

"Bwana Lugendo huyu hapa," alisema. "Mwambieni awashe."

Akaenda nyumbani kwake.

*

Ziara ya Mheshimiwa ilikuwa ya siku tatu. Siku ya kwanza mji ulimalizia maji ya kwenye mitungi. Siku ya pili Kamishna alilisomea koti agizo la kuwasha pampu, na lilipokaa kimya, akaliandikia barua ya onyo, nakala kwangu. Kapela alipewa nafasi yake. Alizungusha mpini wa kuwashia upande usio wake, mpini ukarudi kwa kasi, na akateremka kilimani mkono umefungwa kwenye leso. Kisha Lugendo akapanda na mkanda wake mpya. Ulikuwa wa pampu nyingine, kubwa mara mbili. Wanawake waliokuwa na ndoo vichwani walipita wakielekea bwawani, na hakuna aliyecheka tena. Niliwaona wale wenye watoto wachanga wakisimama ukingoni, wanayaangalia maji kabla ya kuyachota.

Siku ya tatu asubuhi niliitwa nyumba ya wageni. Mheshimiwa alikuwa bafuni. Alikuwa amejipaka sabuni mwili mzima, kichwa pia, akafungua bomba, na bomba likatoa hewa. Alizungumza nami kupitia mlangoni.

"Karani, utaratibu unasemaje?"

"Utaratibu unasema Bwana Lugendo yupo, Mheshimiwa."

"Najua yupo. Nauliza nani anawasha."

"Hilo halina safu kwenye daftari, Mheshimiwa."

"Macho yananiwasha," alisema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia redioni. "Nenda kwa yule mama. Mpe anachotaka."

Nilimkuta Mama Kabula uani, anachambua kunde kwenye ungo. Hakuwa na furaha. Aliniuliza kwanza ni watoto wangapi wameumwa, na nilipomwambia wawili, alifumba macho. Nilielewa kwamba zile siku tatu zilikuwa zimemtesa kuliko mtu yeyote mjini.

"Umekuja na daftari?"

"Nimekuja nalo. Unataka niandike nini?"

"Jina langu."

Nikafungua ukurasa, nikachovya kalamu. Mkono ukasimama hewani. Miaka tisa nilikuwa nimekaa na mwanamke huyu chumba kimoja mara mbili kwa mwezi. Nimekunywa chai yake. Nimesikiliza kila neno alilodai kulitoa kwenye kola ya lile koti. Na sikulijua jina lake. Katika daftari alikuwa mke wa Lugendo, na mtaani alikuwa mama wa Kabula. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika nani alikuwepo, niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Unaitwa nani?" nikamwuliza.

Alinitazama kwa muda, na nadhani alinihurumia.

"Nyamizi," alisema. "Nyamizi Kasanda."

Daftari la serikali lina safu tatu: Mwanamume, Koti, na Mke Wa. Hakuna hata moja iliyomtosha. Nikatoa rula, nikachora mstari pembeni pale ambapo kanuni inasema paachwe peupe, nikaandika: Nyamizi Kasanda, mshika ufunguo. Kisha nikarudi kwenye ukurasa wa kwanza wa miaka tisa iliyopita, nikachora mstari uleule, nikaandika: Alikuwepo. Na ukurasa uliofuata. Alinisubiri nimalize zote.

Waziri alitia sahihi kwa kupitishiwa daftari chini ya mlango wa bafu. Hakusoma. Kwetu ndivyo sahihi zinavyotiwa. Tone la sabuni lilidondoka kwenye ukurasa na doa lake lipo hadi leo, karibu kabisa na mhuri. Nyamizi alipanda kilimani bila koti, maana jua lilikuwa limeshachomoza vya kutosha, na baada ya muda mfupi tukasikia mngurumo.

*

Mheshimiwa alirudi mji mkuu na kuripoti kwamba wanaume wa Lubamba ni imara na wanatiririka vizuri. Hakuna aliyeiuliza ripoti yake swali. Koti lilibaki na nishani.

Wanawake wengine wakaanza kuja ofisini kwangu, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, kila mmoja na jina lake. Nilichora mistari mpaka rula ikapata pengo. Mke wangu alipofika zamu yake nilimwandika bila kuuliza, kwa mwandiko mzuri, huku nikitazama pembeni ili aone nimemjua siku zote. Nilikuwa nimemwuliza dada yake jana yake.

Lugendo alikaa siku nne. Ya tano alisema anakwenda kuubadilisha ule mkanda.

Kikao kilichofuata, Nyamizi Kasanda alikaa kwenye kiti chenye mgongo, na hakuonekana kupata madhara yoyote. Koti halikuwepo. Lilikuwa kwenye kamba ya nguo uani kwake, limefuliwa. Nikasoma mahudhurio hadi nikafika kwenye jina la zamani, lile ambalo bado hakuna aliyenipa ruhusa ya kulifuta.

"Bwana Lugendo?" nikaita. "Huyu nimwandikeje?"

Nyamizi alikuwa anakagua kipande cha bomba kwenye mwanga wa dirisha. Hakuinua macho.

"Andika ametoka kidogo," alisema.